Hapa Pana Mtu

Namjua mtu aliyeachwa na mkewe kwa sababu ya kiti cha plastiki. Kiti cheupe cha kukodisha, chenye mkwaruzo mguuni na namba ya rangi nyekundu mgongoni. Wapo wanaosema ndoa ile ilikuwa na mengine yaliyojificha. Waseme. Mimi nilikuwepo, mwiko mkononi, na kilichoivunja nilikiona kwa macho yangu mawili.

Sisi Temeke tunamwita Mzee wa Viti. Anakodisha viti na maturubai kwa misiba, harusi, maulidi, kipaimara na mikutano ya mtaa. Mimi ni mpishi wa shughuli hizo hizo. Anapopeleka viti, mara nyingi na mimi napeleka masufuria, na kwa miaka mingi tumekuwa tukipanda Kirikuu kimoja, kigari cha mizigo, yeye mbele na dereva, mimi nyuma juu ya mfuko wa mchele, kwa kuwa viti vyake haviruhusiwi kukaliwa kabla ya kufika. Kwa hiyo nikimsema msidhani ni umbea. Ni malimbikizo.

Ukimwona mara ya kwanza utadhani ni nahodha aliyepotea njia. Shati jeupe lenye vifungo vya mabegani, suruali iliyonyooshwa hadi inakata, soksi nyeupe hata kwenye matope ya masika. Shingoni amening'iniza kwa kamba ya kiatu saa ya kubonyeza, kama ile ya mwalimu wa michezo. Akibonyeza inaanza kuhesabu. Akibonyeza tena, kuna mtu amenyang'anywa kiti.

Maana Mzee wa Viti ana sheria, na sheria yake ni nusu saa. Ukiinuka kwenye kiti ukaacha kitu, kile kitu kinakushikia nafasi kwa dakika thelathini. Baada ya hapo anakiinua kwa vidole viwili, anakipeleka kwenye meza ndogo karibu na spika, meza anayoiita ya amana, na anakupa kadi yenye namba, iliyokatwa kutoka kwenye boksi la mafuta ya kupikia. Kiti anapewa aliyesimama. Hajali wewe ni nani. Huko Kipawa alimtoa mama wa bibi harusi, aliyekuwa amekwenda kumfunga mwanawe kilemba. Mama wa watu akarudi akakuta kiti chake kina dereva wa gari la maharusi, na pochi yake ipo mezani kati ya kofia ya mtu na chupa ya uji ya mtoto.

"Mie ndo mama mzazi!" akalia yule mama.

"Hongera sana," akamjibu. "Kadi yako namba nne."

Jambo alilolichukia kuliko yote ni yale maneno tunayoyasema wote, tukiwa tumeweka mkoba kwenye kiti cha jirani na kuangalia pembeni: hapa pana mtu. Akiyasikia anainama, anatazama kiti kwa makini, chini ya kiti, nyuma ya kiti, halafu anauliza kwa upole, "Mtu yuko wapi? Mie naona mkoba." Ukimwambia anakuja, anauliza ametokea wapi. Ukimwambia Gongo la Mboto, mwisho wa jiji, anabonyeza saa.

Nilipomzoea nilimuuliza alikoitoa sheria hiyo, nikitegemea ataniambia jeshini. Kumbe baharini. Alifanya kazi miaka kumi na moja kwenye meli ya watalii, zile zinazofanana na ghorofa lililolazwa, zenye bwawa la kuogelea juu kabisa, kana kwamba maji ya chini hayatoshi. Kazi yake ilikuwa vile vitanda vya kuotea jua kando ya bwawa. Vitanda vilikuwa vichache, watalii wengi. Basi, anasema, alfajiri jua halijatoka, watu wazima wenye wajukuu walikuwa wakipanda na nguo za kulalia, wakinyata, wanatandika taulo juu ya kitanda, kisha wanarudi kulala. Saa nne asubuhi vitanda vyote vina taulo na havina mtu hata mmoja, na wengine wamekaa sakafuni wanawaka kwa jua na kwa hasira.

"Walikuwa wanapigana?" nilimuuliza.

"Kwa maneno. Ila kuna mmoja alimtumbukizia mwenzie taulo bwawani. Akafuata na mwenyewe."

Kampuni ikatoa amri: nusu saa, kisha ondoa. Na yeye ndiye aliyekuwa mwondoaji. Akaniambia watu wakishajua kwamba taulo linaondolewa, wanaanza kuweka vitu vyenye uchungu ili uone aibu kuvigusa. Mmoja aliweka picha ya marehemu mumewe. Mmoja, bibi kizee wa haja, aliacha meno yake ya bandia ndani ya glasi ya maji, katikati ya kitanda.

"Ukafanyaje?"

"Nikampa kadi. Alikuja kuyadai saa nane, kwa ishara."

Aliisimulia bila kucheka. Mimi nilicheka mpaka nikaunguza vitunguu, na pilau la siku ile lilitoka jeusi kidogo, watu wakasifu viungo.

Sasa, kinachonikera kwa Mzee wa Viti, na nitakisema, ni kwamba yeye mwenyewe hakai. Sijawahi kumwona amekaa kwenye shughuli yoyote. Ana viti zaidi ya mia tatu na anakula amesimama. Mimi miguu imevimba kwa kusimama kwenye moto tangu alfajiri, nikijipatia kiti kimoja nyuma ya jiko naweka kanga yangu, naenda kugeuza nyama, narudi nakuta kimeshachukuliwa. Amenifanyia hivyo mara tatu. Mara ya tatu nilimfuata na mwiko.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba, mpishi."

"Kiti changu kiko wapi?"

"Dakika thelathini na mbili," akasema, akanionyesha saa. "Nilikuongezea mbili kwa heshima ya nyama."

Utamfanya nini mtu kama huyo?

Na bado, mtu huyo huyo ndiye aliyepeleka viti bure kwa mjane wa fundi viatu, akakaa siku tatu kwenye matanga yake kuhakikisha kwamba wazee wanaokuja na fimbo hawasimami. Sheria yake, alisema, ni kwa ajili yao. Mwenye nguvu hujipatia kiti mahali popote. Ana ndugu wa kumshikia, ana mkoba wa kuweka. Asiye na mtu ndiye anayebaki amesimama. Alipoliweka hivyo nilimwelewa, maana mimi ni mmoja wao. Sijawahi kuwa na mtu wa kunishikia kiti.

Yeye alikuwa naye. Hapo ndipo ninapofika kwa mkewe.

Mkewe ni mwanamke wa Masasi, mrefu, mwenye sauti ya chini inayokufanya usogee karibu. Mimi namwita shangazi, ingawa hatuna udugu. Miaka kumi na moja ambayo mume alikuwa akiinua taulo za watu baharini, shangazi alikuwa Temeke, na kibarazani pake palikuwa na viti viwili vya mbao. Kimoja chake. Kingine alikivika koti la mumewe begani, kama mtu aliyekaa. Kila asubuhi alikipangusa. Mvua ikinyesha alikiingiza ndani kabla ya nguo. Wageni walikuja, wakwe, wachungaji, mafundi wa umeme, hata mjumbe wa mtaa na tumbo lake. Yeyote aliyetaka kukikalia aliambiwa neno moja kwa sauti ile ya chini.

"Hapo pana mtu."

Watu walimcheka. Walimwambia mwenzio ana mwanamke kila bandari, koti hilo limeshaliwa na nondo, mpe fundi kiti. Yeye alikipangusa tu. Mumewe alipotokea siku moja na sanduku lake na saa shingoni, alikuta kiti kipo, koti lipo, akakaa. Yeye mwenyewe alinihadithia hivyo, ndani ya Kirikuu, na akamalizia kwa kusema kiti kilikuwa safi. Hakuona kabisa kwamba kwa sheria yake mwenyewe alikuwa amechelewa miaka kumi, miezi kumi na moja na ushee. Nilitaka kumwambia, lakini tulikuwa tumefika.

Msiba ulitokea mwaka jana mwezi wa nane. Kaka yake shangazi, aliyekuwa akiishi Kipawa, alifariki ghafla. Viti vikatoka kwa shemeji, bila shaka, na chakula kikatoka kwangu. Siku ya mazishi shangazi alichagua kiti mstari wa mbele, karibu kabisa na pale jeneza litakapowekwa, akatandika juu yake kanga yake ya maua mekundu. Kilikuwa cha mjomba wake. Mjomba ndiye aliyewalea yeye na marehemu. Ana zaidi ya miaka themanini, miguu mibovu, na alikuwa njiani na basi kutoka Masasi.

Basi likaharibika. Shangazi akaitwa ndani kuwatuliza watoto wa marehemu.

Mimi nilikuwa napepeta mchele nikamwona Mzee wa Viti amesimama mbele ya kile kiti. Aliitazama saa. Akatazama kanga. Nikasema moyoni hapana, hawezi, hii ni ya mkewe, huu ni msiba wa mkewe. Nikaona vidole viwili vinashuka. Nilimwita, "Mzee! Mzee!" lakini kwaya ilikuwa inaimba. Akaikunja kanga vizuri, kwa adabu, akaipeleka meza ya amana, akaandika kadi. Kiti akapewa bwana mmoja mnene aliyekuwa amesimama juani, mtu ambaye mpaka leo hakuna anayejua alitoka wapi; nadhani alipita njia akafuata harufu ya pilau.

Mjomba alifika dakika chache baadaye, ameshikiliwa na watu wawili. Viti vyote vilikuwa vimejaa. Kwenye vurugu ya kuingia mchungaji hakuna aliyemwona, akasukumwa pembeni hadi akatokea upande wa jikoni kwangu. Nikalipindua sufuria langu kubwa, nikalifuta masizi kwa aproni, nikamkalisha hapo. Mzee wa watu akaanza ibada ya kumzika mtoto aliyemlea akiwa amekaa kwenye sufuria, nyuma ya turubai, akiona miguu ya watu tu.

Shangazi alipotoka ndani akamkuta pale. Alimtazama mjomba, akatazama kiti cha mbele, akamtazama mumewe aliyekuwa anakuja na kadi mkononi. Kweli, alikuwa anamletea kadi.

"Namba saba," akasema Mzee wa Viti. "Dakika zilipita, mama."

"Zilipita ngapi?"

"Kumi na moja."

"Mie nilikuwekea miaka kumi na moja," akasema shangazi. Hakupandisha sauti, lakini watu walishaanza kunyamaza, na kila mtu akasikia. "Miaka. Nawe hukuweza kumwekea mjomba wangu dakika kumi na moja."

Akaipokea ile kadi, akaiweka ndani ya mkoba. Hakuifuata kanga. Siku ya tatu alipanda basi la Masasi pamoja na mjomba, na nyumba ya Temeke ikabaki na mwanaume mmoja na viti mia tatu.

Nitasema ukweli: siku zile nilimchukia. Nilipakia masufuria yangu kwenye bajaji za watu ili nisipande naye gari moja. Lakini mtu na mpishi wake hawaachani kirahisi, shughuli zikatukutanisha, na nilichokiona kikanishangaza. Alikuwa bado na saa, bado na kadi. Ila kila alikopeleka viti, kiti cha kwanza kushushwa kilikuwa kimoja, alichokiweka mstari wa mbele, akatandika juu yake kanga ya maua mekundu. Harusi, maulidi, mkutano wa wazazi. Kawe, kwenye hoteli moja yenye bwawa, sherehe ya kumuaga bibi harusi, akakiweka kando ya maji peke yake, na watoto waliokuwa wanaogelea wakaambiwa wasikirushie maji.

Kwanza nilidhani anamtegea mtu. Nikavizia. Nikamwona anavyofanya. Saa ilikuwa inakwenda kama kawaida. Ikifika dakika ya ishirini na tisa, anaangalia kushoto, anaangalia kulia, anabonyeza, anairudisha sifuri. Kisha anaanza upya, uso mkavu.

"Mzee, hiyo si halali," nilimwambia.

"Nusu saa haijafika."

"Unarudisha!"

"Sheria inasema nusu saa," akasema. "Haisemi kuhusu kurudisha." Halafu, kwa sauti nyingine kabisa, akanong'ona, "Mpishi, mtu akiwa Masasi hajui kama amewekewa. Atajuaje?"

Nilirudi kwenye moto wangu. Nilikuwa na hasira, na sikujua ya nani. Jioni ile nilimpigia simu shangazi. Nikamweleza yote, kanga, kiti, bwawa la Kawe, saa inavyorudishwa.

"Kila shughuli?" akauliza.

"Kila shughuli, shangazi."

"Hata misiba?"

"Misiba ndo kabisa."

"Haya," akasema, akakata.

Mwezi wa nne mwaka huu binti wa yule marehemu wa Kipawa alipata kipaimara. Sherehe ilifanyika Mwenge, nyumbani kwa mama yake mdogo, mchana. Tulijua shangazi ataalikwa. Hatukujua kama atakuja. Mzee wa Viti alivaa soksi mpya. Kiti cha kanga kilikuwa kimewekwa tangu saa tatu asubuhi, mbele, karibu na meza ya keki.

Kufika saa nane watu walikuwa wengi kuliko viti, na habari zilikuwa zimeenea. Kumbe nusu ya wageni walikuwa watu aliowahi kuwanyang'anya. Yule mama mzazi wa Kipawa alikuwepo, na safari hii alikuwa na simu yenye saa.

"Dakika arobaini!" akapiga kelele. "Kiti kile kina dakika arobaini, nimekipima mwenyewe!"

"Kumi na mbili," akasema Mzee wa Viti, akaonyesha saa yake.

"Umerudisha! Tumekuona!"

"Ondoa kanga!" wakaitikia wa nyuma. Mtu mmoja aliyesimama alikuwa tayari amekata kadi. Mzee wa Viti akasogea, akasimama mbele ya kile kiti, mikono nyuma, jasho linamtiririka kwenye shati jeupe. Nilidhani watampiga, na mimi, ambaye amenidhulumu mara tatu, nikajikuta nimesimama pembeni yake na mwiko umeinuliwa.

Ndipo shangazi akaingia getini, na vumbi la safari, na mkoba wake begani. Watu wakampisha. Akaja moja kwa moja hadi kwa mumewe, akafungua mkoba, akatoa kipande cha boksi la mafuta ya kupikia.

"Namba saba," akasema. "Nimekuja kuchukua amana yangu."

Mzee wa Viti aliipokea ile kadi akaitazama pande zote mbili, kana kwamba yaweza kuwa ya kughushi. Kisha akapisha, kanga ikaonekana.

Shangazi aliitazama kwa muda. "Umeniwekea toka lini?"

Akaishika saa yake. "Dakika ishirini na tisa," akasema.

"Basi sijachelewa," akasema shangazi, akaiinua kanga, akajifunga kiunoni, akakaa.

Wanawake wakapiga vigelegele, hata yule mama wa Kipawa. Mimi nililia, na sioni haya kusema. Lakini shangazi alikuwa hajamaliza. Kiti cha pembeni yake kilikuwa cha mgeni rasmi, mzee mmoja wa kanisa mwenye suti ya kijivu, ambaye wakati huo alikuwa amesimama mbele anatoa nasaha ndefu. Shangazi akanyoosha mkono polepole, akaweka mkoba wake juu ya kile kiti.

Mgeni rasmi alipomaliza akarudi. "Samahani mama, mimi nilikuwa hapa."

"Hapa pana mtu," akasema shangazi, akimtazama mumewe.

Mzee wa Viti akainama, akautazama mkoba. Nikaona kidole gumba kinaelekea kwenye saa.

"Nani?" akauliza.

"Mjomba."

"Ametokea wapi?"

"Hajatokea. Yuko Masasi. Atakuja Disemba, miguu ikipata nafuu."

Mzee wa Viti akaivua ile saa shingoni na kamba yake ya kiatu, akaitia mfukoni, akatoa leso, akapangusa mikono ya kile kiti, mmoja baada ya mwingine. Akamgeukia yule bwana wa suti ya kijivu.

"Utusamehe, mzee wangu," akasema. "Hapa pana mtu."

Nikaenda jikoni, nikampindulia mgeni rasmi sufuria.